Vipande vya Ubao Ndani ya Eda

Mume wangu aliponipa talaka moja nilirudi kwa mama, Kwamndolwa, Korogwe, na begi la nguo, kompyuta, na kazi yetu ambayo haikuwa imekwisha. Tulikuwa tunachora ubao wa saketi wa redio ndogo ya kufungwa kwenye matangi ya maji kule Handeni, itoe taarifa tangi likikaribia kukauka. Sababu za talaka ni za ndani, siziandiki. Mteja alitaka redio yake, basi tukakubaliana tumalize, yeye Handeni, mimi Korogwe.

Talaka moja haifungi mlango. Eda ikiwa haijaisha, mume akisema amekurejea, unarudi kwako. Nilikuwa nasubiri neno hilo tu. Nilimpenda, na bado nampenda, kwa nini nidanganye?

Kabla ubao haujatengenezwa, kompyuta hupima jinsi mawimbi yatakavyopita kwenye njia zake za shaba. Kompyuta zetu hazikuweza kuubeba mchoro mzima, kwa hiyo tulizoea kuukata vipande, kila mmoja apime vyake, halafu tuunganishe majibu. Kukata ilikuwa kazi yangu. Mkato una masharti yake. Njia mbili zilizokaribiana huzitenganishi, maana mawimbi ya moja huingia kwenye nyingine. Tena kila kipande lazima kichukue na ukingo wa jirani yake, na upana wa ukingo huo wapimaji wawili waafikiane. Kwa kifupi, kila mkato unadai simu.

Basi nikakata. Vipande vitatu vingetosha kabisa, lakini mimi niliukata ubao ule kama mama mwenye samaki mmoja na wageni ukumbi mzima. Kipendacho roho hula nyama mbichi.

Na kweli alipiga, kila kipande.

"Hapo kwenye kona umeacha upana gani?"

"Ule ule wa jana."

"Haya, nami naweka huo."

Mazungumzo yenyewe ndiyo hayo, nami nilikuwa naoga na kujipaka mafuta kabla ya kuyapokea, kana kwamba angeniona. Mama alinitazama siku moja, akaniuliza, "Mwanangu, hiyo ni kazi kweli?"

"Ni kazi, mama."

"Haya."

Siku alipounganisha majibu ya vipande vyote alipiga mchana, eda ikiwa inaelekea ukingoni. Nilikwenda nyuma ya nyumba nilisikie neno langu peke yangu.

"Ubao uko sawa," akasema. "Nimeshautuma ukatengenezwe."

"Alhamdulillahi."

Nikaikaza simu sikioni. Nikadhani sasa anasema.

"Vitatu vingetosha. Niliona tangu siku uliponitumia mikato."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Sikuweza kukuaga kwa mara moja."

Nikamwambia asante. Asante ya nini, sijui mpaka leo. Moyo ulinivunjika pale pale, simu ikiwa bado sikioni, na nilimsikia kabisa kwamba naye analia.