Violet, msaidizi aliyeitwa msibani akashindwa kwenda

Vumbi la Tunduma bado limetulia, na Ketrina Nzunda anataka kuliwahi. Anatundika kitenge cha bluu na njano kwenye uzio wa waya nyuma ya nyumba yake, mtaa wa Sogea, anarudi nyuma kidogo, anapiga picha, anaitazama, anakunja uso, anapiga tena. Malori yakishaanza kusogea kuelekea mpakani, kila kitenge kitageuka rangi ya kahawia.

"Picha ya asubuhi hainigombanishi na mtu," anasema bila kugeuka. "Ya mchana mteja anapokea mzigo anasema, dada, mbona umeniletea kingine?"

Simu inalia. Anaisoma, anaitia mfukoni. Inalia tena, anaitoa. Chai aliyomimina mwenyewe inapoa juu ya ndoo iliyogeuzwa meza. Tangu mwandishi afike hajakaa chini, na akikaribishwa kwenye kigoda chake mwenyewe anajibu, "Nakaa, nakaa," kisha anakwenda kukunja kitenge kingine.

Ana miaka 38. Alizaliwa Itaka, wilayani Mbozi, kwa wakulima wa kahawa na mahindi, akaolewa Tunduma na Jairo, fundi wa matairi ya malori. Wana watoto wawili, mkubwa anaitwa Goodness. Ananunua vitenge Nakonde, ng'ambo ya mpaka, upande wa Zambia, na kuviuza kwa simu: picha WhatsApp, bei, maelewano, kisha mzigo unapakiwa kwenye basi kwenda Vwawa, Mbeya, hata Dar es Salaam.

"Sina duka," anasema. "Duka langu ni hii simu. Ikizima chaji, nimefunga."

Kwa miaka kadhaa tatizo lake lilikuwa moja. Siku ya mzigo yuko Nakonde, huku wauzaji wanamwita "Bana Goodness, isa kuno!", yaani mama Goodness njoo huku, huku anapatana kwa kwacha, mikono yote miwili imejaa. Wakati huohuo wateja wanauliza bei kwenye simu iliyo ndani ya mkoba. Akija kufungua, nusu yao wameshanunua kwa mwingine.

Faida yake wakati huo, anasema, haikuzidi shilingi 80,000 kwa wiki, na wiki nyingine ilikuwa kelele tupu.

Mwaka jana yeye na mfanyabiashara mwenzake, Priska, walihudhuria mafunzo ya wajasiriamali wanawake mjini Vwawa. Somo la mchana lilihusu akili mnemba. Ketrina alikuwa amechoka, karibu asinzie.

"Mkufunzi akasema huyu ni msaidizi asiyelala, asiyeumwa wala asiyedai mshahara. Nikamwangalia Priska, Priska akaniangalia. Usingizi ukaisha palepale."

Alianza na vitu vidogo. Aliiomba programu ya kwenye simu imwandikie maneno ya kuweka chini ya picha. Ikamwandikia "Jipatie mvuto usio na kifani unaoakisi hadhi yako". Wateja walicheka wiki nzima. Mmoja alimwuliza kama anagombea ubunge.

Hakukata tamaa. Akajifunza kuieleza anavyotaka: sentensi fupi, bei mwanzoni, neno la utani mwishoni. Baada ya mwezi akapiga hatua kubwa zaidi. Kwa shilingi 30,000 kila mwezi aliunganisha kwenye namba yake ya biashara msaidizi wa kujibu wateja mwenyewe. Programu ikamwuliza jina la msaidizi huyo.

"Nikaandika Violet. Nilitaka jina la binti mwenye adabu."

Alimfundisha bei, rangi na nauli za mizigo. Kisha akamfundisha jambo ambalo mkufunzi hakulitaja. Aliandika kwamba kwa watu wake mteja haulizwi anataka nini kabla hajaulizwa ameamkaje, na kwamba akitaja mtu wa nyumbani kwake, basi siku nyingine aulizwe hali ya mtu huyo.

Violet alishika somo. Pengine alilishika kupita kiasi. Aliuliza wagonjwa, watoto na mvua. Wateja wa Mbozi, waliozoea wauzaji wa mjini wanaokata maneno, wakampenda mno. Faida ya wiki ikafika 150,000. Dereva mmoja wa lori aliandika kutaka kujua kama Violet ameposwa. Mama mmoja wa Itaka alituma maharage kwa basi, yamefungwa vizuri, juu pameandikwa: "Ya Violet, asinyimwe."

Jairo, aliyekuja kuchukua spana, anadakia kutoka mlangoni: "Nikawa na wake wawili ndani ya nyumba moja. Mmoja wa ndoa, mwingine wa mtandao. Na wa mtandao ndiye alikuwa ananisalimia!"

Ketrina anacheka, lakini kicheko kinakatika upesi.

"Pale kwenye maharage ndipo nilipaswa kusema," anasema. "Ningeandika tu, jamani, Violet si mtu. Nilicheka, nikayapika, tukala."

Miongoni mwa walioandikiana na Violet alikuwa Loisi Mwampashi wa Igamba, kiongozi wa kikundi cha akina mama kanisani kwake. Ndiye mteja wa kwanza kumwagizia Ketrina sare za kikundi kizima, wakati ambapo watu wengine walikuwa bado wanaogopa kutuma pesa kwa mtu wasiyemwona. Ketrina anamwita mama. Ketrina na Jairo walipokuja kubariki ndoa yao kanisani, Loisi alikuja na wenzake wakaimba.

Mama mzazi wa Loisi alikuwa anaumwa. Asubuhi moja Ketrina alivuka kwenda Nakonde, simu ikabaki ndani ya mkoba kwa raha zake, kwa sababu Violet yupo. Loisi akaandika: "Violet mwanangu, mama yetu ametutoka leo alfajiri. Mwambie Ketrina."

Jibu lilikwenda papo hapo. Ketrina amelihifadhi. Anamwonyesha mwandishi, lakini simu anaishika yeye mwenyewe.

"Pole sana mpendwa mteja wetu. Katika kipindi hiki kigumu tunavyo vitenge vya sare ya msiba kwa bei nafuu. Ukichukua kumi na mbili unapata punguzo. Je, ungependa kuona rangi zilizopo?"

Mwishoni kulikuwa na picha ya ua.

"Nilisoma nikiwa nimesimama katikati ya watu pale mpakani. Mtu akanigonga na toroli, sikusikia. Nilihisi aibu mpaka masikio yakawa ya moto. Mimi huyu, mtoto wa Itaka, nimeuzia watu kitenge juu ya maiti!"

Siku hiyohiyo yeye na Jairo walikwenda Igamba. Alibeba unga, akaingia jikoni na wanawake wengine, akachota maji, akaosha vyombo, akalala chini na waombolezaji. Loisi alimpokea, lakini hakumtazama usoni.

Baada ya mazishi familia ilikaa kikao. Mjomba wa Loisi, mzee Barnaba, akamwita Ketrina, akazungumza bila hasira. Binti aliyeandika maneno yale, alisema, bila shaka ni mtoto na hajafundwa vizuri. Hawatamkaripia. Ketrina, kama mlezi wake, amlete hapo kabla ya kuanua tanga, akae chini mbele ya Loisi, aseme pole kwa kinywa chake. Yaishe.

Kwa watu wa huko hilo ni jambo la kawaida kabisa. Aliyekosa huletwa na mkubwa wake, husema, husamehewa, hupewa chakula. Ni mlango uliofunguliwa kwa upole, na Ketrina hakuwa na mtu wa kumpitisha.

Alitoka nje akampigia Priska. Priska hakumung'unya maneno: alikuwa na mpwa wake, msichana mpole, anajua kukaa na wazee. Aje, aitwe Violet kwa nusu saa, apige magoti, arudi Tunduma. Nani angejua?

"Nilikubali," Ketrina anasema. Anakiacha kitenge alichokuwa anakikunja. "Nikuambie ukweli, nilikubali. Nauli nilimtumia."

Mpwa yule hakufika Igamba. Ketrina alirudi jikoni kungoja, akamkuta Loisi amekaa pembeni na wanawake wawili, anawaeleza habari za Violet. Kwamba huyo mtoto alikosea siku moja tu. Kwamba kabla ya hapo, mama alipokuwa kitandani na watu wa mjini wamesahau hata kupiga simu, ni Violet peke yake aliyeuliza kila mara: mama amekula? Amelala vizuri? Na kwamba aliandika, "Namwombea mama."

Ketrina akapiga simu, msichana akashuka kwenye gari njiani akarudi. Kisha akaenda kwa mzee Barnaba, akaomba Loisi aitwe, akasema. Hakuna Violet. Ni mashine. Ilikuwa mashine tangu siku ya kwanza.

Kijana mmoja alianza kucheka, akanyamazishwa. Loisi ndiye aliyeuliza, kwa sauti ndogo.

"Alisema, kwa hiyo yale yote ya mama, nilikuwa namweleza nani?" Ketrina anasimulia. "Akasema tena, aliniambia anamwombea. Mashine inamwomba nani?"

Ketrina anafuta macho kwa kona ya kitenge ambacho ni cha kuuzwa, anakiona, anakiweka kando.

Loisi hakumfukuza. Alimwambia ale kwanza ndipo aondoke. Tangu hapo, wakati msiba huo unakaribia kutimiza miezi mitatu, hajaandika neno. Ketrina alipiga simu mara nyingi. Ilipokelewa na wajukuu: bibi yuko shamba, bibi yuko kanisani.

Aliporudi Tunduma alizima kila kitu. Akakaa na simu, akasoma mazungumzo yote ya Loisi na Violet, tangu mwanzo. Alikuta humo habari ambazo angezijua kama angekuwa anajibu mwenyewe: mama aliacha kula ugali, mama alimwita Loisi kwa jina la dada yake aliyefariki zamani, mama aliomba kitenge chekundu.

"Aliomba chekundu," anarudia. "Violet alimtajia bei. Mimi ningempelekea bure."

Wiki tatu akafanya kazi peke yake, na biashara ikarudi kule ilikotoka. Ada ya shule ya Goodness ilikuwa inakaribia. Akawasha tena.

Sasa msaidizi hana jina. Ujumbe wake wa kwanza kwa kila mteja unasema: "Hii ni mashine ya Ketrina. Najibu bei, rangi na usafiri. Mengine atajibu mwenyewe." Haiulizi habari za nyumbani. Mtu akitaja msiba, kaburi, msalaba, mgonjwa, hospitali au kujifungua, inanyamaza, na simu ya Ketrina inalia mlio wa tofauti, mkali kama wa gari la wagonjwa. Kuipanga hivyo kulimchukua siku nyingi za kujaribu na kukosea, kwa sababu mwanzoni ililia hata mtu alipoandika kwamba bei inamwua.

Wateja wengine wamehama. Wengine bado wanauliza Violet ameolewa wapi, naye anawajibu mmoja mmoja kwa sauti yake. Priska, ambaye naye ana msaidizi kama huyo, hakubadilisha kitu, ila wa kwake amempa jina la Kefa. "Mwanamume hawamwambii mambo ya ndani," alimweleza Ketrina, na mpaka leo mambo yake yanakwenda vizuri tu.

Je, Ketrina ametulia?

"Nitulie wapi? Nilimchukua anipumzishe, sasa nashinda namlinda. Kila jibu lake nalisoma. Nikiwa Nakonde moyo uko kwenye mkoba. Nikimzima, watoto watasoma na nini? Nikimwacha, nawaza ataniaibisha kwa nani leo." Anazunguka uzio, anarudi. "Mkufunzi alisema hii ni rahisi. Kuiwasha ndiyo rahisi."

Hata hivyo ana mpango, na anapoueleza mikono yake inatulia kidogo. Anatafuta chumba cha duka Vwawa, karibu na stendi, ili wateja wa Mbozi wamwone kwa macho. Mashine ibaki na bei na hesabu ya mzigo, yeye abaki na watu. Pia amewaomba waandaaji wa yale mafunzo wampe nafasi azungumze na wanawake wanaoanza. Hajui kama watakubali. Anasema atawaambia jambo moja tu, wasiipe mashine jina la mtoto wa mtu.

Hatimaye anakaa. Anaionja chai, imepoa, anainywa hivyohivyo. Malori yameanza kunguruma barabarani na vumbi linapanda.

Simu inalia ule mlio mkali. Ketrina anaruka, chai inamwagika kwenye kanga yake. Anasoma, kisha anaigeuza simu ili mwandishi naye aone. Ni namba ya Loisi Mwampashi.

"Tunasimika msalaba wa mama mwezi ujao. Nani anasoma hapa?"

Ketrina haandiki. Anabonyeza kitufe cha sauti, anaisogeza simu mdomoni, anaanza kusema kwa Kinyiha, lugha ya kwao Mbozi. Anaongea kwa muda mrefu, anasita, anaendelea, sauti inapasuka mahali fulani katikati. Mwandishi hafahamu Kinyiha, lakini jina la Mungu analitambua, na neno mama pia.

Anatuma, anasimama. Anauzunguka uzio. Anakikunja kitenge kilichokwisha kukunjwa.

Jibu linakuja, nalo ni la sauti. Sauti ya mwanamke mtu mzima, taratibu, kwa Kinyiha. Ketrina anaisikiliza huku ameziba mdomo kwa kiganja, halafu anaisikiliza tena, na mabega yake yanatikisika. Mara ya kwanza mwandishi anadhani analia.

"Anataka sare za akina mama wote," anasema akipata pumzi. "Vyekundu. Anasema nilete mwenyewe, kwa mikono yangu, na nilale hukohuko."

Anajifuta macho, anaanza kuvuta vitenge vyekundu kutoka kwenye mzigo.

"Na anasema Violet nimwache nyumbani."