Bakapu ya Saa Kumi na Moja

Wavinya ana wagonjwa elfu nne na hajawahi kumdunga hata mmoja sindano. Ni karani wa rekodi katika zahanati moja ya Kathiani. Kwa miaka mitatu amewaandika wote kwenye kompyuta: nani ana sukari, nani ana presha, nani akipewa penisilini atavimba uso. Faili za karatasi zilikuwa zimeingiwa na mchwa, akazichoma mwenyewe, tena kwa furaha. Novemba hii furaha hiyo ilimtokea puani.

Seva, ile kompyuta ya stoo yenye rekodi zote, ilikuwa inakwaruza ndani. Laban, fundi kutoka Machakos mjini, alisema diski itabadilishwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi na akaweka programu ya kutengeneza nakala, bakapu, kwenye kompyuta ya ofisini. Kazi hiyo ilichukua saa nzima na ilizuia kila kitu, kwa hiyo ilianza saa kumi na moja, wagonjwa wakishaondoka. Wiki tatu haikukamilika hata mara moja. Kila asubuhi Wavinya alikuta ujumbe uleule: seva haikujibu, muda wa kusubiri umekwisha. Laban akaongeza muda huo kutoka sekunde thelathini hadi dakika mbili. Bado ikakwama.

Alhamisi, kesho yake ikiwa ndiyo Ijumaa yenyewe, Wavinya alisoma saa za kukwama kwa hasira. Jumatatu, kumi na moja na dakika kumi na mbili. Siku hiyo mvua ilimkutia getini. Jumanne, na dakika ishirini na tano. Mvua ilimkutia kwenye posho mill, pale wanaposaga unga. Jumatano, na dakika arobaini, alikuwa karibu na kanisa, na viatu vyake havijakauka mpaka leo.

Kwa nini ikwame kila mvua inapoanza? Jioni hiyo hakwenda nyumbani. Alikaa ofisini akitazama bakapu ikienda, mawingu yakikusanyika juu ya vilima vya Iveti. Ngurumo ya kwanza ilipolia, Mama Mukai, anayefanya usafi, aliingia na ufagio mkononi, akainama ukutani na kuchomoa waya wa rauta, kile kisanduku chenye vitaa kinachounganisha kompyuta ya ofisini na seva.

"Mama, unafanya nini?"

"Radi, mwana wakwa, mwanangu. Kwetu ilipitia kwa waya ikaua ng'ombe na redio. Uliniambia nisiguse kompyuta, sijagusa. Nachomoa tu hii ndogo ya taa. Asubuhi nafika wa kwanza, nairudisha."

Wavinya alicheka hadi akakaa chini. Alitaka kukasirika, lakini angeanzia wapi? Yule mama alikuwa akimlindia kazi yake, tena kwa bidii kuliko fundi.

Walisubiri radi ipite, wakinywa chai ya chupa. Saa kumi na mbili walirudisha waya, Wavinya akaianzisha upya, na saa moja na dakika tano bakapu ikamaliza. Wavinya alilia kidogo, hakujificha.

Ijumaa Laban aliizima seva na kuiwasha tena, ikakwaruza mara mbili, ikanyamaza kabisa. Akaweka diski mpya, akaijaza kutoka kwa nakala. Wagonjwa wote wakarudi, hadi wa penisilini.

Mama Mukai alikuwa amesimama mlangoni na ndoo yake. "Sasa nikisikia ngurumo nifanye nini?"

"Bakapu tutaiamsha alfajiri kabla ya kliniki," Wavinya alisema. "Jioni ni yako, mama. Chomoa zote, hata kompyuta."