Kiswahili cha Mama

Nikisikia harufu ya mbaazi zikichemka, namkumbuka ndugu yangu mdogo akipanga maganda yake mlangoni kwa mstari mmoja. Kengele ya shule ikilia alijiziba masikio.

Darasani alikuwa haongei, na mwalimu wake alimwambia mama, "Lugha mbili zinamchanganya huyu. Nyumbani muongeleshe Kiswahili tu."

Mama alikuwa na Kiswahili cha sokoni. Tangu siku hiyo alimwambia, "Kula. Oga. Lala." Hadithi zake za Kikamba, lugha yetu, pale jikoni zikaisha.

Jioni moja tulimsikia zizini akiwasimulia mbuzi hadithi ile ya fisi, kwa Kikamba, neno kwa neno, hata na kikohozi cha mama.

Mama alisimama nje mpaka hadithi ikaisha. Kisha akamwita kwa Kiswahili, "Kuja ukule."