Tiketi Niliyoipiga Picha

Jamani, tiketi yangu ya bahati nasibu imeshinda, na nimerudi kutoka mjini Tabora mikono mitupu!

Mnanijua, kunyamaza siwezi. Jana namba zilipolingana tu, nikaipiga picha, nikaituma kwenye kundi letu hili la kwaya: "Neema wangu anakwenda kusomea uuguzi, ada hii hapa!" Binti mwenye akili vile, ningefichaje?

Leo nimekwenda na Neema kwa wakala wa bahati nasibu, kaikagua.

"Mama, hii imeshalipwa."

"Imelipwaje, na karatasi ninayo mkononi?"

"Kanuni zimebadilika, mama. Zamani ilikuwa lazima upeleke karatasi yenyewe. Siku hizi anayewahi kuingiza namba ya siri iliyoandikwa kwenye tiketi, kwa simu yake, ndiye anayelipwa. Kuna uliyemwonyesha?"

Neema wangu akageuka kuniangalia. Hilo ndilo limeniuma.

Picha sikuituma kwingine popote. Tupo ishirini na wawili humu, wote wa Kwihara. Tunaimba pamoja, tunazikana.

Kesho kuna mazoezi. Nitasimama mstari wa mbele kama kawaida yangu.

Atakayekuja aandike jina lake hapa chini. Nasubiri majina ishirini na moja.