Wafanyakazi wa Tangi la Zambarau

Siku yangu ya kwanza katika kiwanda cha minofu ya mbuta, hapa Kisumu, nilipewa gambuti, aproni ya plastiki na ndoo ya maji ya klorini. Msimamizi wa Usafi akanipeleka kwenye meza za kukatia samaki. "Hapa kuna sheria moja," akasema. "Chochote kinachoishi na hakina kitambulisho cha kazi, ua."

Nilicheka peke yangu. Minofu ile ilienda ng'ambo, na vijidudu vingeweza kurudisha shehena nzima. Niliua vijidudu kwa miaka mingi, kwenye meza, kisha vyumba vya barafu, hadi nikahamishiwa nyuma ya kiwanda kusimamia majitaka.

Mgongo wazi, yaani mifupa inayobaki mnofu ukitolewa, ilikuwa na wateja wake. Maji yenye damu na mafuta hayakuwa na mteja. Yalinuka kwenye bwawa la nyuma ya kiwanda, kisha yakateremka ziwani. Mwishowe Ofisa wa Mazingira alimwambia Meneja mbele yetu, "Nikirudi nikute hali hii, nafunga geti." Sote tungerudi nyumbani.

Meneja akamleta Mtaalamu wa Majitaka, dada wa umri wa binti yangu. Alichota tope pembeni mwa bwawa letu, akalitunza kwenye mtungi.

"Mzee, hawa ndio wafanyakazi wapya," akaniambia. "Hawaombi mshahara. Wanataka jua na uchafu tu."

"Na hewa?"

"Hewa wanyime. Hawaitaki."

Tulijaza majitaka kwenye tangi la plastiki angavu, tukamimina sehemu ya tope lile, tukafunika. Maji ya kijivu yakawa ya waridi, kisha zambarau iliyokolea kama biringanya. Bakteria waliokuwa kwenye tope walikula uchafu na kuzaana. Ukiwachuja na kuwakausha unapata unga wenye protini, unaochanganywa na pumba kuwa chakula cha ngege, samaki wanaofugwa kwenye vizimba vya nyavu ziwani. Nilikuwa naacha chai yangu ipoe nikitazama rangi tu.

Ofisa akiwa karibu kurudi, asubuhi moja nikakuta tangi limekuwa kijivu tena. Mtaalamu akanusa mfereji unaoleta maji tangini. "Nani ameosha hapa?"

Mama Auma, mfagizi wetu hodari, akajitokeza. "Ni mimi, Daktari. Si wageni wanakuja? Nimemwaga klorini mpaka kuta zikang'aa."

Klorini ile ilikuwa imeteremka tangini ikawaua bakteria wetu. Hakuna aliyemgombeza. Sote tulifunzwa hivyo. Tukachimba mfereji wa pili, wa maji ya klorini pekee, tukaanza upya na tope lililobaki mtungini. Kila mapumziko Mama Auma aliketi kando ya tangi. "Kuleni basi, wanangu. Mnaniaibisha." Siku moja akaniita kwa sauti ya chini, "Jaduong', mzee wangu, njoo uone. Wameamka."

Ofisa alipokuja, alikinga glasi ya maji yanayotoka tangini, akayanusa, kisha akayainua juani. Geti halikufungwa.

Mwenye vizimba upande wa Seme alikuwa na shaka. "Yaani samaki wangu wale maji yaliyooshewa samaki?" Akarusha konzi moja ya chakula kile majini. Ziwa likachemka mikia. "Haya," akasema, "leteni gunia."

Sasa nimestaafu. Nimefanya kazi na watu wengi wenye bidii, wengine hodari kunishinda. Lakini waliotuachia geti wazi ni wale wa tangini, na sikuwahi kumwona hata mmoja wao.