Majogoo wa Mjomba

Kuku wa kahawia aliletwa na mjomba kutoka Bugembe, miguu imefungwa kwa kamba. Alinikabidhi mbele ya mama, hapa kwetu Namatala, akaweka sharti.

"Mitetea watakaozaliwa ni wako. Majogoo ni wangu. Usiuze hata mmoja, nitakuja kuwala mwenyewe."

Mama alishukuru. Mimi niliangalia chini. Watu wakizidi wawili, ulimi wangu hulala.

Nilimtafutia mayai kwa jirani mwenye jogoo, nikamtandikia majani makavu ndani ya beseni bovu nyuma ya jiko. Sijaona kuku anayeatamia kama yule. Nikimwinua nikague mayai kwa tochi ya simu, alinidonoa mpaka nikatoka damu, kisha akarudi kuyapanga upya kwa mdomo. Nilimpenda kwa ukali ule. Mimi sikuwa nao.

Vifaranga walipokua, karibu wote waliota vilemba vyekundu. Mitetea walikuwa wawili tu, na mmoja alibebwa na mwewe. Jogoo mmoja nyumbani ni baraka. Majogoo watano kwenye ua unaotosha kamba ya nguo na jiko ni vita. Walipigana asubuhi, na wakichoka kupigana walimrukia kuku wa kahawia, mama yao, mmoja baada ya mwingine. Manyoya ya mgongo yaliisha. Ngozi ikapasuka, nzi wakaja. Nikampaka majivu, nikamfunika kwa tenga na kuweka jiwe juu. Humo ndani akaacha kula.

Nikampigia mjomba.

"Majogoo wanamuua kuku."

"Wanenepeshe kwanza."

Niliwapa posho, ugali wangu mwenyewe. Nikapiga tena.

"Una haraka gani? Kwani wanakaa kwenye kitanda chako?" Akacheka, akakata simu.

Kwa nini sikuwachinja? Kwetu mwanamke hachinji. Kuku akitakiwa kuliwa na hakuna mwanamume nyumbani, mwanamke husimama njiani, kuku kwapani, kisu mkononi, akingoja mwanamume Mwislamu apite amsaidie. Nimewaona akina mama wamesimama hivyo mpaka adhana ya magharibi, chungu kimeshachemka na kukauka. Kitabuni sijasomewa mahali panapomkataza mwanamke. Lakini nani angeniuliza mimi, niliyeishia darasa la sita?

Siku kuku alipokataa hata maji, nilichukua jogoo mkubwa nikaenda kusimama. Sharti la mjomba nililiacha nyumbani. Kwa mtu anayeona haya kununua chumvi dukani, kusimama pale ni adhabu. Vijana wa boda wakaanza.

"Dada, unatafuta mchinjaji au mume?"

"Mpe kisu huyo jogoo ajichinje, anaonekana mwerevu!"

Mzee mmoja akasema hana udhu. Maji yalikuwa bombani, hatua chache tu. Mwingine akataka aahidiwe paja la jogoo kwanza. Nikarudi na jogoo wangu, masikio yanawaka.

Nyumbani tenga lilikuwa limepinduka. Jogoo mmoja alikuwa amesimama juu ya kuku, amemng'ata ngozi ya shingo, na kuku hakuwa akipiga kelele tena. Nilimtoa yule jogoo kwa teke. Kisha nikatawadha, nikaelekea kibla, nikasema bismillahi, nikachinja. Nikachinja wa pili. Nikachinja mpaka ua ukanyamaza.

Mama aliporudi alishika kichwa. Akampigia mjomba kuomba radhi. Na mjomba, ambaye kwa wiki nyingi hakuwa na nafasi, aliipata kesho yake mapema.

"Nani alikuchinjia?"

"Hakuna."

"Basi hiyo ni nyamafu. Umekula mali yangu, na umekula haramu." Akamgeukia mama. "Dada, huyu mtoto umemlea au umemwokota?"

Mama alikoroga mchuzi.

"Sawa. Nirudishieni kuku wangu niende."

Akaenda kwenye tenga. Akalifunua, akaona ule mgongo mwekundu, akasita. Nilidhani atasema pole. Akasema, "Hata hivi, supu itatoka."

Nikasimama katikati yake na kuku.

"Haendi."

"Umesemaje?"

"Nilikupigia simu, mjomba. Mara mbili. Haendi."

"Dada, msikie mtoto wako!"

"Nimemsikia," mama akasema, akiendelea kukoroga.

Mjomba aliondoka bila kula. Ameuambia ukoo kuwa mimi ni jeuri, na shangazi mmoja amenipigia kunishauri niombe msamaha. Sijaomba. Kuku ameanza kula mtama mkononi mwangu. Mgongoni vinachomoza vijiti vya manyoya mapya, lakini jogoo akiwika tu kwa jirani, anakimbilia chini ya tenga na kutetemeka. Kila nikimwona hivyo, hasira inanipanda upya.