Mama wa Kwenye Michoro ya Brashi

Sikwenda kwa Brashi kufuata chai, ingawa chai niliinywa. Nilikwenda kwa ajili ya binti yake mkubwa, yule ambaye nyumba nzima inamwita Dada, mpaka baba yake. Tangu hajui kupitisha uzi kwenye tundu la sindano, kila Jumamosi alikuwa anakuja kwenye kibanda changu cha ushonaji. Anakaa chini kando ya cherehani, anaokota mabaki ya vitambaa, anawashonea wanasesere magauni yenye mifuko midogo ambayo mimi mwenyewe sithubutu kuishona. Na huku anashona anacheka peke yake. Mama yake alipozikwa, akawa anakuja mara mojamoja, kisha kimya. Basi nikafunga kibanda, nikasema leo namwendea huyo mzee anirudishie mtoto wangu wa Jumamosi.

Mimi na Brashi tumetoka mbali. Tulikuwa na vibanda vya kupakana, yeye anaandika mabango ya maduka, mimi nashona sare za shule, na ukuta wa mbao uliotutenga ulikuwa na nyufa za kutosha kutukaniana. Baadaye mkono wake ukajulikana, akaanza kuchora picha za vitabu vya watoto wanaojifunza kusoma. Familia iliyomo kwenye kitabu chake cha kwanza ni yake. Baba ni yeye, ila kitambi alijipunguzia, mwongo mkubwa yule. Mtoto aliyevaa ndala za rangi mbili ni Dada. Mama ni mkewe, na kila ukurasa mama huyo amekupa mgongo. "Nifanyeje, Fundi?" aliwahi kuniambia. "Yule mwanamke hakai. Namchora anavyopatikana."

Alinipokea na penseli sikioni na shati la mtoto begani. Nguo zilikuwa zimeanikwa kwenye viti. Mapacha wake wadogo walikuwa wanagombania gari lisilo na magurudumu chini ya meza, na juu ya meza hiyohiyo kulikuwa na karatasi, wino na sahani ya maganda ya penseli alizochonga.

"Karibu, Fundi. Usiangalie nyumba, angalia watu."

"Watu wenyewe ndio hawa waliokonda hivi?"

"Aa, kumbe ulimi wako bado mzima!"

Tulicheka. Kilikuwa kicheko cha kusukumwa, lakini tulikihitaji.

Dada alitoka jikoni akijifuta mikono kwenye gauni. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Jumamosi zangu umempa nani?"

Akatabasamu kwa midomo tu. "Kazi nyingi, shangazi." Akarudi kuangalia sufuria.

Mtoto wa darasa la tatu ananiambia kazi nyingi! Nilimgeukia baba yake, lakini yeye alishaanza kunisimulia yake. Mapacha wameugua kwa kupokezana, huyu akipona yule anaanza. Mikutano ya shule, maji yanakatika, kazi za kuchora anazifanya huku amepakata mtu. "Siku hizi nalala nimekaa," alisema. "Bila Dada ningekuwa nimeshaumbuka. Yule ndiye mkono wangu wa kulia. Hata simtumi, anajiongeza mwenyewe."

Niliweka kikombe chini. "Hilo ndilo lililonileta. Mruhusu aje Jumamosi, Brashi. Siku moja tu kwa wiki awe mtoto."

"Atakuja. Nimalize kazi hii tu."

Kazi yenyewe ilikuwa toleo jipya la kile kitabu cha kwanza. Watoto wanachorwa upya, baba anachorwa upya, na mama pia. Hapo ndipo alipokwama mwaka mzima. Mhariri akamwambia kwa upole kwamba kama hawezi, watamtafuta mwingine.

"Nilikuwa nakodolea karatasi tupu kama mjinga," alisema. "Nikifika kwa mama, mkono unakufa. Halafu mwezi huu, Fundi, nakuapia, amekuja mwenyewe. Nakaa hapa mezani, navuta mstari, yupo. Mgongo wake, mikono yake. Nimempata tena." Macho yalimjaa. Alijifuta viganja kwenye suruali, akaniwekea michoro mapajani, mmoja baada ya mwingine.

Sijawahi kumwona akichora vizuri vile. Mama anaosha vyombo. Mama anaanika nguo. Mama anaipua sufuria. Wa kwanza niliusifu, wa pili nikausifu, wa tatu nikarudi kuutazama wa kwanza. Kwenye yote mama alikuwa amenyanyua visigino. Kwenye sinki amesimamia vidole ili alifikie bomba. Kwenye kamba ya nguo mikono imenyooka mpaka mwisho. Sufuria ameikumbatia kifuani.

Marehemu alikuwa mrefu. Kuingia kwenye kibanda changu alikuwa anainama. Nilinyanyua macho. Mlango wa jikoni unatazamana na kiti cha Brashi, na ulikuwa wazi. Dada alikuwa kwenye sinki, ametupa mgongo, visigino juu.

Nilitamani nijifanye hamnazo. Mtu amefiwa, amepata cha kumfariji, mimi nani nimpokonye? Nikanywa chai iliyokwisha poa. Lakini nilijua nikinyamaza, yule mtoto watamchapa kitabuni hivyohivyo, na darasa zima litafundishwa kumwita mama.

"Brashi, mkeo kwenye sinki hili alikuwa anainama."

"Ee, na kiuno kikimuuma lawama zote kwangu niliyelijenga fupi."

"Huyu hainami."

Alichukua karatasi. Tabasamu lilibaki kidogo usoni, kisha likaondoka. Aliitazama karatasi, akautazama mlango, akanipokonya michoro mingine na kuipekua harakaharaka.

"Usiniambie hivyo, Fundi."

"Sijakuambia kitu. Umechora mwenyewe."

"Nimempata, nakwambia! Mwaka mzima namtafuta..." Hasira ilimpanda, niliiona shingoni, ikashuka palepale. Akaigeuza michoro yote kifudifudi, akajiziba mdomo kwa lile shati la mtoto, akalia. Mimi nami nililia, sina haya. Nilimpenda yule mwanamke, na nilikuwa nimetoka kumwondoa nyumbani kwake mara ya pili.

"Na mhariri?" nilimuuliza.

"Atasubiri. Asipoweza, ampe mwingine." Akajifuta uso. "Dada!"

"Abee, baba!" Alikuja mbio, mikono inachuruzika maji. "Nimeunguza?"

"Hujaunguza, mama. Kaa hapa." Alimvutia kiti chake mwenyewe.

Alikaa kwenye ncha ya kiti, mikono katikati ya magoti, anatutazama kwa zamu. Pacha mmoja akaja kumvuta gauni, naye akainuka nusu. "Kaa," baba yake akasema. "Nipo mimi." Akambeba yule mdogo.

Mwanga wa dirishani ulimwangukia Dada usoni. Uso huo sijawahi kuuona kwenye mchoro wowote wa mezani pale. Nikaona mkono wa Brashi unapanda taratibu kuelekea sikioni, kwenye penseli. Nikaudaka.

"Thubutu! Vyombo kwanza."

Akaenda, pacha kiunoni. Tulimsikia akifungua bomba, vikombe vikigongana. Kila kikigonga, Dada anashtuka, anatazama jikoni, anajikaza. Nilitoa mkobani vile vitambaa nilivyomwekea, vyekundu na vya bluu, nikamwekea mapajani. Alivigusa kwa kidole kimoja, akavikunja vizuri, akaviweka mezani pembeni.

"Baba," aliita, "nikae mpaka saa ngapi?"

Bomba likafungwa jikoni. Brashi akatokea mlangoni, pacha kiunoni, mikono inachuruzika maji.